Mkono Mmoja Haurushi Mkuki

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Niliikariri methali hiyo tangu shule ya msingi, nikaipachika katika insha zangu ili nipate alama, pasi na kuielewa. Aliyenifunza maana yake si mwalimu wala kitabu, bali ni kiwiko changu cha kulia, ambacho hadi leo hunisuta kila Julai baridi ya Nairobi inapobisha hodi.

Nimezaliwa na kulelewa Maringo, mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo, mashariki mwa jiji. Katika vichochoro vyetu, mchezo uliotupendeza sisi wasichana ulikuwa kati. Wawili husimama ncha mbili na mmoja huwa katikati, akiukwepa mpira unaovurumishwa kutoka huku na huku. Mpira wenyewe tuliutengeneza kwa pakiti za maziwa na soksi kuukuu. Katika mchezo huo sikuwa na mpinzani, na kila mmoja alitaka kuwa upande wangu.

Kisha ikaja alasiri ya tarehe 26 Agosti 2015. Majirani walijazana sebuleni kwetu kutazama mashindano ya dunia ya riadha kutoka Beijing. Julius Yego, mzaliwa wa Nandi aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za akina Jan Železný katika intaneti, aliurusha mkuki wake umbali wa mita 92.72, akatwaa dhahabu na kuweka rekodi ya Afrika. Nchi iliyozoea kusifiwa kwa miguu yake ikagundua siku hiyo kwamba ina mikono pia. Ndivyo nilivyodhani.

Jioni hiyo watoto wa mtaa mzima tulitoka na mipini ya mafagio. Yego ana mazoea ya kuanguka kifudifudi punde tu mkuki unapomponyoka mkononi. Nasi tulianguka! Tulianguka vumbini hadi mama zetu wakatufukuza. Msomaji mpendwa, laiti ningalitambua mapema kwamba tulikuwa tukiuiga mwisho wa tendo bila kuujua mwanzo wake!

Nilipofika kidato cha pili niliteuliwa kuwa mrushaji mkuki wa shule. Mkuki wa wanawake una uzani wa gramu 600 tu. Hata mfuko wa kilo moja wa sukari unaushinda. Aliyetufunza alikuwa na amri moja: "Kaza mkono!" Nami niliukaza. Nyumbani, kaka yangu alikuwa ametengeneza vyuma vya mazoezi kwa kumimina saruji katika mikebe ya rangi na kuiunganisha kwa bomba. Nililala chali juu ya benchi na kuvinyanyua usiku baada ya usiku, nikijenga kifua na mikono. Miguu na mgongo niliviacha vivyo hivyo. Uwanjani nilirusha bila kuhesabu, na palipouma nilipaka dawa ya kuchua nikaendelea.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya kaunti, kiwiko kililia kama kijiti kikavu. Nilishindwa kushika mkuki. Kesho yake nilishindwa kushika kitana, na juma hilo lote nilishindwa kushika kalamu. Wenzangu walipopanda basi kwenda mashindanoni, mimi nilibaki darasani mkono ukiwa kwenye kitambaa, nikimlaumu kila mtu isipokuwa ujinga wangu.

Jirani yetu alikuwa fundi wa jua kali, Kamukunji. Alikuwa amegonga mabati na masanduku kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilipomtembelea, nilimwuliza mbona mkono wake haukuwa umechoka.

"Mjukuu wangu," akasema, "nyundo haipigwi kwa mkono. Tazama miguu yangu."

Nikatazama. Kila nyundo iliposhuka, kisigino kilikuwa kimekwisha kukandamiza ardhi, kiuno kikageuka, bega likafuata, na mkono ukaja mwisho kama mgeni aliyechelewa. Niliporudi nyumbani niliitazama upya ile video ya Beijing, mara hii bila kuutazama mkuki. Hapo ndipo nilipoyaona yote. Mbio za Yego ziliisha kwa mguu wa kushoto kukita chini kwa ghafla. Goti likanyooka, mwili ukazuiwa, na kasi yote ikapanda nyongani, kifuani, begani, kiwikoni, hadi vidoleni. Kila kiungo kilikipokeza kingine kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Kumbe hata dhahabu ile ilikuwa ya miguu!

Waama, kiungo kimoja kikizembea, kinachofuata hulipa deni lake. Kiwiko kikishuka chini ya bega, ukano mdogo wa upande wa ndani ndio huvutwa. Warushaji wa besiboli nchini Marekani wanaujua vyema ukano huo. Mwaka 1974, daktari Frank Jobe alimpasua mchezaji Tommy John, akaung'oa ukano mmoja katika mkono wake wa kulia na kuupandikiza katika kiwiko cha kushoto. John alirejea uwanjani mwaka 1976 akacheza hadi 1989, na upasuaji huo ukapewa jina lake. Aidha, katika ligi ya watoto ya Little League, mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku moja. Mimi nani alinihesabia?

Sikuwahi kurudi katika timu ya shule. Hata hivyo, sikuuacha mkuki. Siku hizi, kila Jumamosi nisipokuwa na kazi ya chuo, huwakusanya wasichana wa mtaa wetu kwenye kiwanja. Mikebe ya saruji ya kaka ingalipo, lakini sasa huwekwa mabegani ili tuchuchumae na kuinuka. Vipande vya tyubu kuukuu, vile ambavyo wasukuma mikokoteni hufungia mizigo, tunavifunga kwenye nguzo na kuvivuta nyuma polepole, kwa kuwa misuli ya nyuma ya bega ndiyo breki ya mkono. Mipini ya mafagio hurushwa kwa idadi, nami ndiye mwenye kuhesabu.

Juzi msichana mmoja wa miaka kumi aliniambia, "Dada, leo kiwiko kinaniuma kidogo."

Nikamwambia aketi. Akalia, kwani alikuwa akiongoza. Niliketi kando yake na kumwonyesha kiwiko changu, ambacho hakinyooki sawasawa. Akakigusa kwa kidole, akafuta machozi, kisha akaanza kuwahesabia wenzake.