Kitale, Mji wa Mahindi

Msafiri atokaye Eldoret kwenda kaskazini huona mashamba pande zote mbili za njia, na kabla ya kufika mwisho wa safari hutokewa na mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Katikati ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Kitale, zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Asubuhi baridi yake si ya kuchezewa, na mgeni wa kutoka pwani afadhali achukue koti.

Reli ilifika hapa mwaka 1926, na kwa reli hiyo mahindi ya walowezi yakapata njia ya sokoni. Baadaye mji ukawa na baraza lake la manispaa, nalo likakoma mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Siku hizi Kitale ndiyo makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia.

Walakini sifa kubwa ya mji huu haimo katika ofisi zake, imo katika mbegu. Mwaka 1955 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale walianza kazi ya kuzalisha mahindi bora. Walichukua mahindi ya hapa nchini, wakayachanganya na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima ya Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 mkulima akapewa mbegu iitwayo H611. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa hapa mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyoieneza. Wakulima wadogo waliipokea upesi kuliko watu wengi walivyotazamia. Ila mbegu ya namna hiyo ina sharti lake: ukipanda punje ulizovuna mwenyewe, mavuno ya mwaka wa pili hupungua. Hapana budi kununua mbegu mpya kila mwaka, nayo hutaka fedha mwezi wa Machi, wakati mfuko wa mkulima ni mtupu.

Tena mahindi ya nyanda za juu hukawia. Yapandwayo mwezi wa Machi au Aprili huvunwa mwezi wa Oktoba na kuendelea, yaani shamba hutoa mara moja tu kwa mwaka. Mtu mwenye ekari mia aweza kungoja. Lakini mashamba mengi yamegawanywa, baba kwa wana, na mwenye ekari mbili akiuza magunia yake mapema ili alipe karo, huenda akanunua unga dukani kabla mahindi mapya hayajakomaa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la kuzungumzwa zaidi hapa, maana ajabu gani kubwa kuliko njaa katika nchi ya mahindi?

Mwenye nafasi na aende kuitazama nyumba ya makumbusho. Asili yake ni mikusanyo ya Kanali Stoneham, mpenda vipepeo na vitabu, nayo ilifunguliwa mwaka 1974. Katika mlima Elgon liko pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku gizani na kukwangua kuta kwa pembe zao wapate chumvi.

Lakini mimi ningemshauri mgeni aanze na Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote za Kenya, kama kilometa tatu za mraba tu. Iliwekwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu zilizopanuka, zimsaidiazo kutembea juu ya matope pasipo kuzama. Hakuna haja ya motakaa; wageni hutembea kwa miguu, na juu ya miti yamejengwa majukwaa ya kutazamia. Mashamba yameizunguka mbuga pande zote, na mvua ikinyesha udongo na mbolea hutiririka mpaka matopeni. Afikaye alfajiri na kukaa kimya jukwaani ataona matete yakitikisika, kisha nzohe akatokeza kichwa.