Rejista, Slaidi na Kompyuta: Kazi ya Maabara Kasongo na Kabambare

Ubora wa kipimo cha kifua kikuu kwa hadubini hukaguliwa kwa kusoma slaidi ileile mara mbili: kwanza na laborantini wa kituo, kisha na msomaji mwingine asiyeonyeshwa jibu la kwanza. Kwa hiyo slaidi zote, zenye bakteria na zisizo nao, huwekwa sandukuni kwa kufuata namba za rejista. Mwandishi wa makala haya alifanya kazi hiyo Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwake namba ya rejista ndiyo mwanzo wa mfumo wowote wa taarifa, wa karatasi au wa kompyuta.

Kasongo ina historia ya kuhesabu kwa makini. Mradi wa Kasongo, ulioanza 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulilinganisha vifo vya watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Matokeo yake, yaliyotoka 1981, yalijadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Katika kifua kikuu pia, namna ya kuandika jibu la slaidi ina uzito mkubwa. Bakteria 1 hadi 9 katika nyuga 100 za hadubini huandikwa kwa idadi yao. 10 hadi 99 ni 1+. Wakizidi hapo, 2+ au 3+. Anayeandika “chanya” tu anampunguzia mkaguzi ushahidi. Kukosa bakteria wanne ni kosa dogo. Slaidi ya 3+ kusomwa hasi ni kosa kubwa, kwani mgonjwa anarudi nyumbani akiwaambukiza wengine.

Kila mwisho wa mwezi, kabla ripoti haijapakiwa kwenye pikipiki, mwandishi alikokotoa sehemu ya waliokutwa na bakteria kati ya waliopimwa. Katika kituo kimoja upande wa Kabambare sehemu hiyo ilishuka hadi sifuri, ilhali wenye kikohozi waliendelea kuja. Slaidi zilizojulikana kuwa na bakteria zilipakwa fuksini ya kituo hicho, rangi inayowafanya bakteria waonekane, nazo zikaonekana hasi. Fuksini hiyo ilikuwa imeharibika. Chupa ikamwagwa, wagonjwa wakaitwa kupimwa upya.

DHIS2, programu ya kompyuta ya taarifa za afya iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ilianza kutumika Kongo katika miaka ya 2010. Huweza kuonya pale wenye ugonjwa wanapozidi waliopimwa, lakini slaidi yenyewe haiioni. Kwa malale, ugonjwa unaojulikana pia Kasongo, pengo hilo lilizibwa kwingine: huko Yasa Bonga na Mosango, mkoani Kwilu, timu zilirekodi video za vimelea chini ya hadubini ili mtaalamu mwingine azikague. Maniema inastahili huduma hiyohiyo.

Matokeo ya ukaguzi lazima yamrudie laborantini haraka, akiwa bado ana slaidi na fuksini ileile. Rejistani jibu la zamani hukatwa kwa mstari mmoja, likiachwa lisomeke, na kando yake huwekwa jibu jipya, tarehe na sahihi.