Kufuga ni Kujizuia

Wengi wetu hapa Nyalikungu, na katika nchi yote ya Wasukuma, tulizaliwa tukakuta ng'ombe zizini, hata twadhani kwamba mtu na ng'ombe walianza safari siku moja. Sivyo. Kwa muda mrefu kupita muda wote wa kulima na kufuga, watu waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mashariki yetu, kando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, na baadhi yao wangali wakiishi hivyo. Nyama ikipatikana hugawanywa ikaliwa upesi, maana haiwekeki. Na kesho ina pori lake.

Mnyama wa kwanza kukaa na mtu alikuwa mbwa, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Kisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wa Asia ya Magharibi, penye Uturuki, Iraki na Irani za leo, wakafuga mbuzi, kondoo na ng'ombe. Ng'ombe wa nundu, kama hawa wetu, asili yake ni upande wa Bara Hindi. Lakini punda alifugwa kwanza hapa Afrika. Nasi tunaokaa karibu na Serengeti twaona ajabu: kule kuna nyumbu zaidi ya milioni moja, na nyati, na punda milia, wala hakuna kabila lililowafanya kuwa mifugo. Si kila mnyama akubaliye mkono wa mtu. Mifugo ilikuja kwetu kutoka kaskazini, ikiswagwa kizazi baada ya kizazi, na yapata miaka 3,000 iliyopita wafugaji walikuwa wamekwisha kukaa katika nyanda za kaskazini mwa Tanzania.

Basi, ni nini kilichogeuka? Wengine hujibu kwamba mtu alipata nyama karibu. Lakini nyama hata mwindaji alikuwa nayo. Sisi twaona kuwa lililogeuka hasa ni moyo: mtu alijifunza kujizuia. Mwindaji akimwona mnyama jike hutupa mshale, wala hakosi. Mfugaji mwenye njaa humtazama mtamba wake, akalala na njaa yake, kwa kuwa mtamba huyo ndiye ndama wa mwakani. Katika kujizuia huko yalipatikana maziwa, samadi, maksai wa kukokota jembe, na mahari ya kuunganisha nyumba mbili.

Hata mwili uligeuka. Zamani mtu akiisha kukua, tumbo lake halikuyaweza vema maziwa mabichi. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudani walitangaza kwamba wengi wa jamii za wafugaji wamerithi uwezo wa kuyameng'enya hata utu uzimani, uwezo uliotokea huku mbali na ule wa Ulaya.

Walakini faida hii haikuja peke yake. Ugonjwa wa surua ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe. Na sotoka yenyewe ilipoingia nchini miaka ya 1890, ilifagia mazizi. Watu wakafa njaa, na mahali palipokosa mifugo vichaka vikaota, mbung'o wakaingia. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekomeshwa duniani mwaka 2011.

Wazee wetu waliyajua hayo, ndipo wakaweka ngitili: sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa mvua, ikafunguliwa kiangazi ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate kula. Ngitili nyingi zilipotea. Tangu mwaka 1986, kwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wa nchi hizi wakazirudisha nyingi. Sasa mashamba yanaongezeka na nyasi zinapungua. Mwenye ng'ombe mia asiye na ngitili humaliza majani ya leo kama mwindaji amalizavyo nyama ya leo. Tofauti ni kwamba mwindaji huhama na mishale yake tu, naye hubaki akihesabu ngozi.

Basi, ndugu zetu, mvua zikianza, kabla hamjahesabu ng'ombe, hesabuni kwanza nyasi. Fungeni sehemu mapema, mkubaliane na jirani, na mifugo inayozidi malisho iuzwe ingali na nyama mwilini. Hivyo ndivyo kufuga kulivyoanza, na ndivyo kutakavyodumu.