Kaka yangu, mtalii na kiti cha mbele

Haya jamani, nipo. Kimya changu kilikuwa cha test tatu mfululizo pamoja na umeme wa hosteli, msiniulize zaidi. Leo siandiki mambo ya chuo. Naandika habari za kaka yangu, ambaye mnaonisoma tangu mwaka wa kwanza mnamfahamu: yule anayerusha vindege vya watalii Serengeti.

Wiki iliyopita kaitwa ofisini (jina la kampuni naliweka kapuni). Kosa lake? Mtalii kalalamika kwamba rubani hana ukarimu. Kwenye hizo Cessna Caravan rubani mara nyingi anakuwa mmoja, na kile kiti cha pembeni yake anapewa abiria. Ndo kiti kinachogombewa na kila mwenye kamera. Sasa wakati wanashuka kutua, mzee wa watu kaanza: wale ni nyumbu au nyati? Tembo wako upande gani? Kaka kanyanyua kiganja, kamwambia, "Subiri kidogo, nasikiliza redio." Basi. Ndo kaambiwa ajifunze kutabasamu.

Mimi nilipopigiwa simu nilicheka, halafu kaka akanieleza nikaacha kucheka.

Viwanja vingi vya mbugani havina mnara wa kuongozea ndege. Hakuna mtu wa kukwambia shuka au ngoja. Marubani wanaambizana wenyewe kwa redio: nipo upande fulani, umbali fulani, futi kadhaa, natua njia fulani. Wote wanatumia masafa mamoja, na wawili wakiongea kwa pamoja hakuna anayesikika vizuri. Isitoshe bawa la Caravan liko juu, kwa hiyo aliye juu yako humwoni. Yaani sikio ndo jicho lako. Na sikio lenyewe linaulizwa habari za nyumbu!

Akanipa kisa cha Quincy, mji mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani. Nilikisoma usiku ule mpaka saa nane. Ilikuwa jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, kiwanja hakina mnara. Beech 1900 yenye watu 12 inakuja kutua. Chini, kwenye njia nyingine inayokatiza ile ya kutua, kuna King Air, na nyuma yake kuna Cherokee ndogo. Marubani wa Beech wakauliza kwa redio: King Air, unaruka au unasubiri? King Air kimya. Akajibu yule wa Cherokee kwamba anasubiri, na jibu lake likakatishwa na mashine ya ndani ya Beech yenyewe, ile sauti inayotaja umbali uliobaki kufika chini. Wale wakadhani aliyejibu ni King Air. Wakashukuru, wakatua. King Air nayo ikaanza kukimbia kuruka bila kutangaza. Zikakutana kwenye makutano. Wote 14 walikufa, na wale 12 wa Beech hawakufa kwa kishindo. Walikufa kwa moshi, mlango umegoma kufunguka. Mpaka leo nikifunga macho naona ule mlango.

Wachunguzi waliwalaumu kwanza marubani wa King Air kwa kutosikiliza redio na kutoangalia. Ila mimi kilichonikaa ni ile sauti ya mashine. Neno moja tu, kwa sekunde isiyo yake.

Marekani waliweka sheria tangu 1981: ndege za abiria zikiwa chini ya futi 10,000, marubani hawaruhusiwi maongezi yasiyohusu kazi. Hiyo ilitokana na ajali kama ya Charlotte mwaka 1974, ambapo watu zaidi ya 70 walikufa ndege ikishuka kwenye ukungu huku marubani wakipiga stori za siasa na magari ya mtumba. Sawa, lakini sheria ya namna hiyo inamfunga mdomo mfanyakazi. Mtalii aliyelipia dirisha atafungwa na nani?

Na msidhani mnara unamaliza kila kitu. Wilson ya Nairobi ina mnara, na tarehe 5 Machi 2024 Cessna ya mafunzo iligongana na Dash 8 iliyokuwa ikienda Diani na watu 44. Kubwa ilirudi salama. Kwenye ile ndogo walikufa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Siku hiyo mama alipiga simu ya kaka mara kumi na kitu. Kaka hakuwa hata Kenya, lakini nenda kamwambie mama.

Basi kaka akaniomba nimsaidie kuandika maelezo ya kujitetea, maana mimi ndo msomi wa familia (hehe). Sikuandika utetezi. Niliandika ombi: abiria wa mbele aelezwe kabla injini haijawashwa, kwamba kiganja kikinyanyuliwa ni kimya mpaka magurudumu yaguse chini, na ofisi isipokee malalamiko ya kiganja. Kaka akaona kali, akataka nilainishe. Nikakataa. Akaipeleka hivyo hivyo Jumatatu.

Mpaka leo Ijumaa hajajibiwa. Jana alikuwa na safari mbili, ndege haikujaa, kiti cha mbele hakumpa mtu. Kaweka begi lake pale, kalifunga na mkanda.