Tumwulize Binti Filamu Ameionaje

Akina mama wenzetu, kila shule zinapofungwa mwezi wa sita, swali moja hurudi katika vikao vyetu vya usharika: je, mtoto wa Kikristo aachwe atazame filamu? Huku Mbulu huo ni msimu wa baridi kali. Jioni hakuna anayekaa nje, na nyumba yenye televisheni hujaa watoto wa jirani. Wako wanaosema zote zipigwe marufuku. Wako wanaosema afadhali mtoto atazame sebuleni kuliko kwenye banda la video siku ya mnada. Sisi tungependa kuwaeleza mambo tuliyoyasikia kwa binti mmoja anayependa filamu kama wengine wapendavyo mpira. Tumemwomba ruhusa, naye ametukubalia.

Binti huyu ana miaka 17. Ni mtoto wa marehemu kaka mkubwa wa mzee wa nyumba yetu. Mama yake analima mahindi na ngano wilayani Hanang, upande wa Basotu. Binti anasoma sekondari huku Mbulu, ndiyo maana anaishi kwetu. Binamu zake wa Katesh humletea filamu kwenye flashi. Akishamaliza vyombo na kuni, hutazama, kisha huandika maoni yake katika daftari. Sisi tuna desturi moja tu: filamu ikiisha tunamwuliza, "Umeionaje?" Kisha tunanyamaza tumsikilize.

Tuanze na ile ambayo wengi wetu tuliiona kwanza kwenye kitambaa cheupe, usiku, uwanjani: filamu ya Yesu. Ilitolewa mwaka 1979, inafuata Injili ya Luka, na aliyeigiza kama Bwana wetu ni Mwingereza, Brian Deacon. Tulidhani binti atataja msalaba au ufufuo. Yeye alitaja Yairo. "Mama mdogo, mimi nampenda yule baba," alisema. "Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe akaanguka miguuni kwa ajili ya binti yake." Mtoto aliyefiwa na baba akisema hivyo, mzazi usikimbilie kuhubiri. Tulikaa naye kimya, na usiku huo kwa mara ya kwanza alituuliza juu ya siku za mwisho za baba yake.

Ya pili ni The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980, ambayo mabanda ya video yameichosha. Chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege katika jangwa la Kalahari, na mtu wa jamii ya Wasan anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Aliyeigiza ni N!xau wa Namibia, aliyefariki mwaka 2003. Wenzake walicheka hadi machozi. Binti hakucheka sana. Alisema, "Huyu peke yake ndiye anayejua anakokwenda. Waliopotea ni wale wenye magari."

Tulimwuliza kwa nini jambo hilo limemgusa. Akatuambia kwamba bwenini kuna msichana Mhadzabe kutoka bonde la Yaeda. Lugha ya Wahadzabe, kama ile ya Wasan, ina sauti zinazotolewa kwa kugonga ulimi mdomoni. Wasichana waliokwisha kuiona filamu ile walikuwa wakimwigiza mwenzao kila alipopita. Wilaya yetu ina Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na wengine wengi, na kanisani tunaimba pamoja. Lakini dharau ya watoto haikai kanisani, inakaa bwenini, na tusingeijua bila ya filamu. Muhula uliofuata binti alihamishia godoro lake karibu na la msichana yule.

Kuhusu filamu za nyumbani hana huruma! Steven Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, binti alikuwa mdogo sana, lakini amezitazama kazi zake nyingi. Anampenda kwa sababu alikuwa mwanamume asiyeona haya kulia. Ila filamu nyingi za Bongo anazilaumu. "Kila nyumba ina makochi makubwa," anasema. "Mama mkwe lazima awe mchawi. Mgonjwa amelazwa na rangi ya midomo. Wala hakuna hata mmoja anayelima vitunguu saumu." Hapo wodini kwetu tulicheka mpaka tukashika mbavu, maana kweli hatujampokea bado mgonjwa wa namna ile. Lakini liko jambo la kufikiri. Mtoto asiyemwona mkulima kwenye filamu yoyote anaweza kuanza kuona aibu kwamba mama yake analima.

Anayoisifu ni Chumo, ya mwaka 2011, hadithi ya mapenzi ya pwani inayofundisha juu ya malaria kwa mama mjamzito. "Inafundisha bila kufoka," alisema. Sisi tunaowahimiza wajawazito kila siku wamalize dozi zao za SP na walale ndani ya chandarua, tuliyaandika maneno hayo ukutani kliniki.

Sasa tuje kwenye neno zito. Mnajua kwamba filamu nyingi za ng'ambo huletwa kwetu na msimulizi anayezitafsiri kwa Kiswahili huku picha inaendelea. Kazi hiyo ilipata umaarufu kwa watu kama marehemu Lufufu, na leo wako vijana wengi wanaoifanya. Wazee wetu wasiojua Kiingereza wamefaidi. Lakini binti anasikia lugha zote mbili. Siku moja alisimamisha filamu akasema, "Mama mdogo, dada huyu amesema 'niache'. Msimulizi anasema 'anajivunga tu'. Watu wa bandani wamecheka, na wavulana wa darasa letu nao sasa wanasema hivyohivyo."

Mama mwenzetu, hebu tafakari. Mvulana akifundishwa kwa kicheko kwamba "hapana" ya msichana si hapana, sisi tunayaona matokeo yake kwenye chumba cha uzazi, kwa mtoto wa miaka 15. Ni kweli ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na iko Bodi ya Filamu inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji. Lakini Bodi haiwezi kukaa katika kila banda la kila mnada. Baba wa nyumba yetu aliwaita wana wetu wa kiume jioni ile ile, akawaeleza neno "niache" maana yake nini. Alitumia maneno machache, na hakuna aliyecheka.

Ya mwisho ni Neria, ya Zimbabwe. Iliongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, na marehemu Oliver Mtukudzi aliigiza humo na kutunga nyimbo zake. Neria anafiwa na mume wake, Patrick. Shemeji yake, Phineas, anachukua mali kwa jina la mila, na watoto pia anataka kuwachukua. Neria anakwenda mahakamani, na haki yake inapatikana.

Binti aliitazama mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Phineas hapigi kelele. Anakuja na maneno mazuri ya msiba. Hata baba zangu wa ukoo wanazungumza hivyo." Kumbe wakati wa likizo alikuwa amewasikia wazee wakisema shamba la marehemu lirudi kwa ukoo, na mama yake aachiwe nyumba na bustani. Mama yake alikuwa amenyamaza ili asivunje undugu.

Hapo tuliacha kuzungumza juu ya filamu. Tulipanda basi kwenda Hanang, mume na mke, tukaketi na mjane. Jambo la kwanza lilikuwa cheti cha kifo. Familia nyingi huondoka na mwili wa marehemu bila kufuatilia ile karatasi ya hospitali ya taarifa ya kifo, na hiyo ndiyo inayopelekwa RITA ili kupata cheti. Jambo la pili lilikuwa kikao cha familia chenye muhtasari ulioandikwa na kutiwa saini. La tatu, Mahakama ya Mwanzo, kuomba usimamizi wa mirathi. Msimamizi si mwenye mali. Ni mtunzaji anayeigawa kwa warithi na kutoa hesabu mahakamani.

Wazee walitaja mila. Mume wetu, ambaye ni damu yao, alijibu kwa heshima kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Aliwakumbusha pia kwamba tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilikwisha kumpa haki Holaria Pastory, mwanamke aliyezuiwa na mila kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Kikao kilichukua siku mbili. Mwishowe mjane alipendekezwa kuwa msimamizi, na mahakama ikamthibitisha. Kipande kimoja cha shamba bado kina ubishi, na shemeji mmoja hajaja kutusalimu tangu siku ile. Tunaendelea kumwombea na kumpelekea salamu.

Tulipomweleza binti, alifungua daftari lake akaongeza mstari chini ya Neria. Alituonyesha. Alikuwa ameandika kwamba filamu ina kasoro moja: inaishia kwenye ushindi, haionyeshi nani alimlimia yule mama mwaka uliofuata. Msimu wa kulima ulipofika, akina mama kumi wa usharika wa kule walikwenda na majembe yao.

Basi wapendwa, swali la kama mtoto atazame au asitazame kila nyumba italijibu kwa hekima yake. Chagueni kulingana na umri, na zimeni lisilofaa bila kuona haya. Lakini lile mlilomruhusu, kaeni naye mpaka mwisho, kisha mwulizeni ameionaje. Msimsahihishe upesi. Kijana ambaye hawezi kusema "nyumbani kuna jambo" anaweza kusema "yule mtu wa kwenye filamu simpendi". Mama mwenye masikio atauliza, "Kwa nini, mwanangu?"

Bwana atujalie masikio hayo.