Jedwali Lililosahau Kusini

Kompyuta yangu ya Ubungo ilizijua pande tatu tu za dunia. Kabla ya toleo la 2007, ukipachika grafu kwenye slaidi ya PowerPoint, kilichokuja ni kijedwali chenye namba za mfano zilizokwishajazwa: robo nne za mwaka kwa juu, na pembeni, kwa Kiingereza, Mashariki, Magharibi na Kaskazini. Kazi ya fundi ilikuwa kufuta namba hizo na kuweka za mteja. Robo ya kwanza, Mashariki 20.4, Magharibi 30.6, Kaskazini 45.9. Nilizifuta mara nyingi mno, hadi leo ziko kichwani kuliko namba yangu ya kitambulisho. Kusini haikuwemo, nami mtoto wa Kilwa sikuwahi kuulizia.

Mwaka 2006 nilikuwa na kompyuta mbili, printa na benchi moja katika chumba cha kupanga nyuma ya stendi ya mikoani. Waliokalia benchi lile walikuwa wanafunzi wa Mlimani, wachungaji wenye ratiba za ibada, na watumishi waliotumwa na wakubwa zao kutengenezewa presentesheni. Ukurasa wa kuchapa ulikuwa shilingi 500, slaidi yenye grafu 1,000. Hakuna aliyelalamika, maana grafu ilionekana uganga.

Kabla ya hapo grafu nilizijua kwa rula. Shule ya msingi tulichora mihimili kwenye karatasi ya miraba, na mwalimu alikuwa na sheria mbili: anzia sifuri, na mihimili yote iwe na upana mmoja. Baadaye, kwenye semina, niliona wawezeshaji wakichora kwa maka peni kwenye bango kitita. Mistari ilipinda, lakini aliyekaa nyuma kabisa alisoma.

Kompyuta ikanitoa ushamba, au ndivyo nilivyodhani. Ilinipa mihimili yenye kina, inayosimama kama maghorofa ya Kariakoo, na ukishika pembe ya picha kwa mausi unaizungusha utakavyo. Ilinipa rangi zinazofifia kutoka nyekundu kwenda chungwa. Ilinipa hata sauti: slaidi ikiingia, watu wasioonekana wanapiga makofi. Nilivitumia vyote. Mteja akilipa elfu moja, aione elfu yake.

Jioni moja ya mgao wa umeme akaja mzee mmoja, mtumishi wa ofisi ambayo sitaitaja, na karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Visima vilivyochimbwa kwa kanda nne, miaka mitatu. Mkutano kesho asubuhi. Nikafuta namba za mfano, nikafuta na ile robo ya nne, kwa maana ukiisahau inabaki na namba zake za kubuni na hakuna anayejua imetoka wapi. Kusini nikaiongeza mimi, mstari wa nne, chini kabisa.

Kisha nikachagua grafu iliyonipendeza kuliko zote, ile ambayo kila mstari wa jedwali unapata safu yake kuelekea ndani. Wa kwanza husimama mbele, wa mwisho nyuma. Mihimili ya Kusini ilikuwa mifupi. Ikapotea nyuma ya Kaskazini.

"Kijana, Kusini mbona siioni?"

"Ipo nyuma, mzee. Kwenye ukuta itaonekana vizuri."

Nilijua haitaonekana. Ningeizungusha picha, ningepanga mistari upya, ningerudi kwenye mihimili bapa ya darasani. Lakini umeme ulikuwa unakaribia kukatwa, na ile picha ilikuwa nzuri. Nikamhifadhia kwenye disketi, akaondoka.

Alirudi baada ya siku mbili kuchukua karatasi yake. Hakunigombeza. Alisema mwenyekiti aliangalia ukuta, akauliza kama Kusini wana mradi wowote, na kabla hajajibu vizuri wakahamia ajenda nyingine. "Nilikwenda kuwaombea fedha wale," akasema. Sikumwona tena.

Kuna jambo nililolitambua baadaye, nalo huniuma zaidi. Mwaka ule mvua ziligoma na bwawa la Mtera likashuka, ndiyo sababu ya mgao. Mitambo ya gesi ya Songas, palepale Ubungo, ilikuwa miongoni mwa iliyobaki ikitushika mkono. Gesi yake, tangu 2004, inatoka Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Kwetu nyumba nyingi zilikuwa zinawasha kibatari. Nami huku niliificha Kusini nyuma ya Kaskazini, kwa umeme ambao sehemu yake ilitoka Kusini.

Stendi ilihamia Mbezi Luis Februari 2021. Pale njia panda tulipokuwa tukichomwa jua kwenye foleni sasa kuna barabara za juu za Kijazi, na chumba changu hakipo. Hakuna anayelipia grafu tena. Mpwa wangu anaitengeneza kwenye simu ndani ya daladala, na inakuja bapa, safi, bila makofi. Jedwali la mfano la siku hizi halitaji upande wowote wa dunia: ni kundi la 1, la 2, la 3, la 4. Haki imepatikana kwa kuwafuta wote.

Mwezi uliopita, nyumbani kwangu Kimara, mpwa huyo alikuta faili la yule mzee kwenye flashi yangu ya zamani. Akalifungua kwenye kompyuta yake ndogo, akacheka sana. "Mjomba, hii ni grafu au Kariakoo?" Akabofya mara mbili. Programu ikamuuliza kama aigeuze iwe ya mtindo mpya, akakubali, kisha akachagua mihimili bapa.

Kusini ikatokea. Ilikuwa pale siku zote, mihimili yake mifupi kama visiki, pembeni mwa wenzake.

Akaacha kucheka. "Sasa hawa wa Kusini, mbona vyao vichache hivi?"

Hilo ndilo swali ambalo mzee yule alipanda daladala na disketi mfukoni ili akaulizwe. Limeulizwa mezani kwangu, miaka karibu 20 baadaye, na mtoto asiye na fungu lolote la kugawa.