Jicho la Kushoto, Mkono wa Kulia

Mtu ambaye hajapata kushika upinde hudhani kuwa kulenga ni kufumba jicho moja. Dhana hiyo ameitoa kwenye bunduki na sinema. Kule Kilosa, mjomba wangu, aliyekulia katika kulinda mashamba ya mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, hakumruhusu mtoto yeyote afumbe. "Mwenyezi Mungu amekupa mawili," alikuwa akisema. "Nani amekuambia moja ni la akiba?"

Alikuwa na sababu. Macho ya mwanadamu yameachana kwa kiasi cha sentimita 6, na kila moja huipelekea akili picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Kwa tofauti hiyo ndipo tunapotambua umbali wa kitu kilicho karibu. Upinde wa jadi hauna kifaa cha kulengea. Mpigaji huitazama shabaha, si mshale, na mkono hulifuata jicho kama ilivyo kwa mrusha jiwe. Afumbaye jicho hupoteza kipimo hicho, hupoteza na sehemu ya mandhari ya upande mmoja, na uso wake hukakamaa hata bega nalo likakaza.

Lakini wanaofumba hawafanyi hivyo kwa upuuzi. Ukiyakaza macho yote mawili kwenye shabaha, mshale ulio karibu na shavu huonekana kama miwili. Anayeanza huchanganyikiwa, akafumba jicho ili ule wa pili utoweke. Kwa watu wengi jicho moja hulitawala jingine. Likiwa upande wa mkono unaovuta upote, mpigaji huzoea kuupuuza mshale usiokuwepo. Likiwa upande wa pili, mshale huenda kombo na lawama huangukia mkono.

Ndivyo ilivyotufika hapa Mikumi. Binti yangu ana miaka 9. Nilimchongea upinde, tukasimamisha shina la mgomba nyuma ya nyumba. Kwetu sisi tuishio kando ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, upinde ni wa kulenga mgomba tu. Kuwinda bila kibali ni jinai. Mishale yake yote ilikwenda kushoto, mpaka alipofumba jicho la kushoto. Nikamwambia anyooshe mikono, akutanishe viganja na kuacha tundu dogo, kisha akitazame kupitia hapo kilele cha mvumo, mti ambao wenyeji huuita mkumi na ambao jina la mji wetu limetokana nao. Nilipomziba jicho la kulia, kilele kilibaki palepale. Nilipomziba la kushoto, kikatoweka.

Ikawa hapana budi abadili mikono, avute kwa kushoto. Mama yangu akakataa katakata. Kwa miaka mingi amekuwa akiwaonya wajukuu wake juu ya mkono wa kushoto wakati wa kula, na ana haki, kwani Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, angali mtoto, ale kwa mkono wa kulia. "Leo baba mtu ndiye anayefundisha kinyume?" akaniuliza.

"Mama, kula atakula kwa kulia. Upinde si sahani."

Hakuridhika. Binti mwenyewe ndiye aliyemsogelea. "Bibi, tazama, upinde nimeushika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unavuta kamba tu."

Bibi akautazama ule upinde kitambo kirefu. Mwishowe akasema ajaribu, lakini bismillahi itangulie, na mshale auokote kwa mkono wa kulia.

Sasa ni majuma matatu. Macho yote mawili yako wazi, na katika mishale mitano, miwili huupata mgomba. Bibi huketi barazani akiihesabu, na ile inayokosa humtuma mjukuu wake akaitafute majanini kabla ya adhana ya Magharibi.